Mpiga Tarumbeta Aliyezikwa Hewani

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisoma matangazo ya vifo na salamu za wasikilizaji katika redio moja ndogo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Wenzake walimwita Kamusi, maana hukumuuliza kitu akakosa jibu. Asipojua, alikohoa kidogo, akatazama dari, halafu akajibu vilevile.

Siku moja meneja, mama asiyependa maneno mengi, alimwita ofisini. Redio ilikuwa imepewa boksi la santuri za zamani, naye alitaka wiki nzima ya jazi na bluzi, Jumatatu hadi Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa sita mchana.

"Huu muziki unaujua?"

"Mama, nimelelewa nao huu."

Uongo mtupu. Kwao redio ilikuwa ya kusikilizia taarifa ya habari. Ikiisha, baba yake anaizima ili betri zisiishe. Lakini miaka yote hiyo Kamusi alikuwa akisubiri kipindi kitakachokuwa chake mwenyewe, na alihofia kwamba akisema hajui, atapewa mwingine.

Jumatatu alisoma yaliyoandikwa kwenye majalada ya santuri, mambo yakaenda sawa. Jumanne majalada yakamwishia, na simu zikaanza kuingia. Huyu anayeliza gitaa alikuwa nani? Yule mama mwenye sauti ya kukwaruza alifia wapi? Kamusi akatia chumvi hapa, akatia chumvi pale, na kabla ya saa sita alikuwa ameshagundua kwamba wasikilizaji wanapenda huzuni kuliko tarehe.

Jumatano alileta kanda aliyoikuta stoo, iliyorekodiwa zamani katika studio hiyohiyo. Ilikuwa bendi ya wafanyakazi wa reli ikipiga bluzi ya taratibu, na juu yake tarumbeta ikijivuta kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kwenye gamba la kanda paliandikwa: Tarumbeta, Mapafu. Basi, hakuna zaidi.

"Huyu Mapafu," Kamusi alisema hewani baada ya wimbo, akishusha sauti, "pombe ndiyo iliyommaliza. Alifia kwenye chumba cha kupanga, peke yake, tarumbeta ameifanya mto. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumlilia. Waliomzika hawakumjua hata jina."

Mengi ya hayo aliyatoa kwenye jalada la Jumatatu, lililomhusu mtu mwingine kabisa. Simu zikafurika. Mama mmoja alilia hewani. Meneja alisogea kwenye kioo cha studio akamwonyesha dole gumba, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Kamusi alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Alhamisi saa tatu asubuhi alimkuta mwanamke mapokezi, amevaa sare ya uuguzi, macho mekundu kwa kukesha zamu.

"Ni wewe uliyemzika baba yangu jana?"

Kamusi hakuelewa. Yule muuguzi akamweleza, taratibu, bila kupandisha sauti. Mapafu ni baba yake. Yu hai. Pombe hajawahi kuitia mdomoni. Jana jirani alipomwambia redio inapiga muziki wao, mzee aliita kila mtu, akaiweka redio dirishani ili na nyumba ya pili wasikie. Wakasikia. Wajukuu wakasikia. Jioni watu wawili walikuja na nyuso za msiba kumuuliza mama kama ni kweli.

"Na mama yangu amekaa palepale, mnasema hakuwa na mke."

Hapo Kamusi angeomba radhi, mambo yangeishia mlangoni. Badala yake alikohoa.

"Dada, sisi tuna vyanzo vyetu. Huenda ni Mapafu mwingine."

"Reli ilikuwa na Mapafu wangapi? Nionyeshe hicho chanzo."

Meneja alikuwa amefungua mlango wa ofisi na kusimama hapo. Kamusi alishikashika mifuko ya suruali kana kwamba chanzo kimo humo. Muuguzi alimwangalia mpaka mikono yake ikatulia, kisha akashuka ngazi.

"Rekebisha," meneja alisema, akafunga mlango.

Akarekebisha kwa namna yake. Kati ya nyimbo mbili alisema haraka, "Kuhusu kipindi cha jana, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Mke wake alimngoja nyumbani, redio iko mezani; habari za muuguzi zilikuwa zimeshamfikia.

"Usumbufu?" alisema. "Umeme ukikatika ndiyo usumbufu. Wewe umemzika mtu mzima mzima."

"Mke wangu, hata wewe?"

"Hata mimi. Jana niliwaambia wenzangu kazini, sikilizeni mume wangu anavyojua mambo. Kesho nitawaambia nini?"

Kamusi alisukuma sahani ya chakula. Alijaribu kujiambia kwamba ni jambo dogo, redio ni maneno na maneno hupita, lakini kila alipofumba macho aliiona ile redio ya watu dirishani.

Ijumaa, kipindi kilipoisha, aliomba kwa mtu wa mapokezi anwani ambayo muuguzi aliiandika kwenye daftari la wageni, akaenda. Zilikuwa nyumba za mstari nyuma ya gereji ya baiskeli. Mlango ulikuwa wazi. Mzee mrefu aliyevaa fulana alikuwa anapiga pasi mashuka, na kwenye kiti cha pembeni alikaa mke wake, upande mmoja wa mwili umepooza, kitambaa safi kimefungwa shingoni.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye..."

"Marahaba. Sauti naijua. Kaa."

Mzee alimletea maji ya kunywa kwenye glasi. Yale maji yalikuwa magumu kumeza kuliko tusi lolote.

"Tulikunywa wote wapi, mimi na wewe?" mzee aliuliza.

"Hatujawahi, mzee."

"Nani alikwambia basi?"

"Hakuna. Nilitunga."

"Kwa nini?"

Kamusi alitazama sakafu. Dari haikuwa na msaada. "Sikujua wewe ni nani. Na niliona aibu kusema sijui."

Mzee aliirudisha pasi kwenye shuka, akanyoosha kona moja mpaka ikalala.

"Kwa hiyo aibu yako ukanipa mimi."

Hakusema kwa hasira.

Ndipo mama akasema kutoka kitini, neno moja moja, ulimi mzito. "Waambie... aliacha tarumbeta... kwa ajili yangu. Miaka kumi na moja... ananilisha."

"Hapana," mzee alimkatiza kwa upole. "Hayo ni ya humu ndani." Akamgeukia mgeni. "Wewe sema ulilosema hapa. Kwamba hukujua. Hilo tu."

"Nikualike studio, mzee, useme mwenyewe?"

"Sitaki kuja kuthibitisha kwamba mimi ni mzima."

Jumamosi saa nne Kamusi hakuanza na wimbo. Alisema kwamba mpiga tarumbeta wa Jumatano yu hai, ana mke na watoto, hanywi, na kwamba hadithi yote aliitunga yeye mwenyewe kwa kuona aibu ya kusema hajui. Katikati alikosea, akalazimika kuanza sentensi upya.

Simu ikaita. Msikilizaji mwanamume. "Sasa ndugu mtangazaji, na zile za Jumanne?"

"Za Jumanne pia," Kamusi alisema. "Nyingi."

Alizitaja moja baada ya nyingine, ipi ilikuwa kwenye jalada na ipi ilitoka kichwani mwake. Ilimchukua robo saa. Hakuna aliyepiga tena. Muziki uliobaki aliuacha upigwe bila neno.

Meneja alimwambia arudi kwenye matangazo ya vifo, na kwamba kuhusu kipindi kingine wataongea mwakani, au wasiongee. Kamusi akaitikia. Alipokuwa anashuka ngazi kupita magodoro, simu yake ya mkononi ilitetema. Ujumbe ulitoka kwa muuguzi; namba alikuwa ameipata kwa mzee, ambaye Kamusi alimwachia Ijumaa. Uliandikwa: Tumesikia.

Hapakuwa na salamu mbele wala asante nyuma. Aliusoma mara nne akitafuta kama umesamehe au haujasamehe, akashindwa kujua, akauacha ulivyo.