Majivu niliyomficha mama mkwe

Neema wangu kavua koti mwenyewe sasa hivi, ndani ya nyumba, kalitupa sakafuni.

Ana miaka mitatu. Tangu tuhamie huku ughaibuni, Thornton Heath, hajawahi kulivua sebuleni, kwa baridi iliyokuwemo.

Tuna lile jiko la chuma la kupashia nyumba joto, linalokula kuni na makaa ya mawe.
Kila asubuhi nazoa majivu yote, nasugua, naacha kimlango cha chini wazi hewa iingie. Si ndivyo tulivyolelewa na jiko la mkaa?
Kuni zinawaka kama karatasi, zinaisha, na mtoto anabaki na koti lake.

Leo mama mkwe kafika kutoka Tanga, mara ya kwanza kwangu, na mimi sijazoa.
Kwa aibu nikawasha juu ya majivu ya jana. Moto uliposhika nikafunga kimlango cha chini asiyaone, nikaacha tundu la hewa la juu tu.

Jamani, moto ukatulia. Sebule ikapata joto.

Ndipo nikafungua kitabu cha maelezo ya jiko. Kumbe kuni zinapenda kulalia majivu na kupata hewa ya juu. Makaa ya mawe ndiyo yanataka majivu yazolewe na hewa itoke chini.

Nikamwambia mama mkwe ukweli. Kacheka: "Basi mwanangu, uwe mvivu kila siku, mjukuu wangu apate joto."

Nani mwingine alikuwa anasugua majivu? Semeni, nisicheke peke yangu.
Ngojeni, mama mkwe ananiita, eti Neema sasa kavua na gauni!