Saa Niliyoinunua Mchinga

Kama umekuja kucheka, kacheke kwingine. Nimechekwa miaka mingi kwa kisa hiki, na waliocheka hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Mkono uliovaa saa ile ni huu hapa.

Nilikuwa nesi wa zahanati katika kijiji kimoja cha ujamaa, upande wa Pande. Dawa tulizifuata Lindi. Siku moja nikirudi na makasha yangu, lori letu lilipata pancha Mchinga. Ilikuwa adhuhuri, jua la kupasua kichwa. Wenzangu walikwenda kutafuta maji, mimi nikabaki kulinda dawa. Ndipo akaja mwanamume amevaa koti zito, kalifunga vifungo vyote, na usoni hana hata tone la jasho. Si ningejiuliza hapo hapo? Sikujiuliza. Macho yangu yalikuwa kwenye saa aliyoishika.

"Ya Uswisi hii, nesi," alisema. "Dhahabu tupu. Wanavaa wakubwa tu."

Siku hiyo sikuvaa sare, wala sikumuuliza amejuaje kazi yangu.

Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Saa ya zahanati ilikuwa imekufa, na nilihesabu mapigo ya wagonjwa kwa saa ya kuazima kwa mwalimu. Kwa hiyo sababu nilikuwa nayo. Lakini sitakudanganya, niliitaka kwa kuwa inang'aa. Nilimpa pesa zote nilizokuwa nimeziweka za baiskeli.

Nikaivaa, tena nikawa nakunja mkono wa gauni ili ionekane. Mwenyekiti wa kijiji alinitania mkutanoni kwamba nesi wetu amekuwa bepari. Watu wakacheka, nami nikafurahi. Wiki ya pili dhahabu ilianza kuchunika, chini yake bati, na ngozi ya mkono ikashika rangi ya kijani. Nikajua ni ya bandia. Unadhani niliivua? Niliigeuza kidogo tu, upande uliochunika usionekane. Madhali mshale wa sekunde unatembea, niliona inatosha; saa za siku tulizijua kwa jua.

Kisha akajifungua Zuhura, mke wa seremala, uzazi wake wa kwanza. Mtoto alitoka salama. Mama alikuwa amepauka, mikono baridi. Nilimshika mshipa, nikaitazama saa, nikahesabu dakika nzima. Mapigo themanini na manne. Nikarudia, yale yale.

Mama mkwe wake akaniambia, "Nesi, huyu anatutoka. Liitwe trekta, tumpeleke hospitali."

Nikamwonyesha saa. Nikamwambia, "Mama, mimi nahesabu, wewe unaogopa."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa hiki. Zuhura alikuwa akivuja damu ndani. Alikufa kabla trekta halijawashwa.

Baada ya maziko mwalimu aliiweka saa yake kando ya yangu, tukazitazama pamoja. Dakika ya saa yangu ilikuwa sekunde arobaini za saa yake. Moyo wa Zuhura ulikuwa ukienda mbio, na mimi nikauhesabu kama moyo wa mtu mzima wa afya.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, niliingia zahanati nikamkuta yule mwanamume amekaa kwenye benchi la wagonjwa. Koti lile lile, vifungo vyote.

"Nina homa, nesi," alisema. "Nipime."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena. Nilimkamata mkono kwa nguvu zangu zote. "Umeua mtu," nikamwambia. "Leo utakwenda na mimi kwa mwenyekiti."

Lakini vidole vya nesi vina mazoea yake. Vilikwenda vyenyewe kwenye mshipa, na hakukuwa na mapigo. Niamini, nimeshika maiti wengi, na mkono wa maiti una uzito. Ule ulikuwa mwepesi kama mkono wa koti lililotundikwa, na huku mwenyewe ananitazama.

"Hesabu," alisema kwa upole. "Si unayo saa?"

Baridi ikaniingia kwenye vidole vitatu nilivyomshikia. Akauchomoa mkono wake, akainuka, akatoka taratibu kama mgonjwa aliyekwisha kuhudumiwa.

Bi Somoe, mama mtu mzima aliyefagia zahanati, alikuwa mlangoni na alimpisha.

"Bi Somoe, umemwona?"

"Nimemwona, mwanangu. Tunamjua. Ndiye aliyemuuzia kaka yangu redio."

Kaka yake nilimfahamu. Alikuwa kiziwi. Siku zote nilidhani alizaliwa hivyo.

"Mbona hukuniambia nilipokuja na saa?"

"Ulikuwa na furaha sana," alisema. "Na sisi tuliona aibu. Nani anataka kusema kwamba ameuziwa?"

Jibu hilo linanichoma mpaka leo kuliko yule kiumbe mwenyewe. Saa niliiponda kwa mchi siku ile ile, lakini vidole vitatu havikurudi. Vichome sindano, sisikii kitu. Nesi asiyeweza kusikia mshipa ni nesi gani? Niliacha kazi niliyoipenda nikaenda kupalilia mikorosho. Mtoto wa Zuhura sasa ni mtu mzima. Tukikutana njiani ananipa shikamoo, nami naitikia marahaba huku nikitazama chini.

Nilimkasirikia Bi Somoe miaka mingi, mpaka siku moja nilipojiuliza mimi mwenyewe, saa ilipochunika, nilimwambia nani. Hakuna. Kwa hiyo nisikilize wewe. Siku ukiuziwa kitu cha uongo, sema. Ona aibu, lakini sema siku hiyo hiyo, kwa sauti, majirani wasikie. Mimi nilijua saa yangu ni ya bandia siku nyingi kabla ya Zuhura kushikwa na uchungu, na nikaendelea kukunja mkono wa gauni.