Mjomba wa Koti la Kijivu

Mume wangu wateja wote wanamwita Kidevu, na jina hilo kalipata kwa haki. Kabla ya kuingia kwenye picha za harusi alikaa miaka kumi na miwili katika chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, akipiga picha za pasipoti. Shusha kidevu, masikio yote mawili yaonekane, usicheke. Mpaka leo bibi harusi akija na nywele zimefunika sikio, Kidevu anazisogeza kwa kidole kimoja, anaomba radhi, anaendelea na kazi. Tuna albamu za harusi ambazo unaweza kuvuka nazo mpaka na usiulizwe kitu.

Jambo la pili kuhusu Kidevu ni kwamba hakumbuki sura ya mtu. Siongezi chumvi. Anaona mwanga, anaona tai iliyopinda, anaona punje ya wali kwenye jino la mtu aliye mstari wa nne, lakini ukimpa mgongo kidogo ukarudi, umekuwa mgeni. Mwaka wa pili wa ndoa yetu alikutana na mama yangu mzazi sokoni, akamwamkia kwa heshima zote, akampa kadi ya biashara. Mama anayo mpaka leo, na kila nikimtembelea lazima anionyeshe.

Ndiyo maana orodha nashika mimi. Watu wanadhani mke wa mpiga picha kazi yake ni kubeba begi. Begi nabeba, sikatai. Lakini kazi yangu hasa ni kuandika kila ndugu anayetakiwa kwenye picha, na kando yake nguo aliyovaa, ili Kidevu asome. Shangazi mkubwa: gauni la bluu, miwani. Babu wa bwana harusi: mkongojo. Hivyo ndivyo tulivyofanya harusi mia na ushee bila kupoteza mtu, kwa hiyo yaliyotokea kule hotelini mtu asinibebeshe mimi.

Bibi harusi alikuwa binti wa fundi cherehani, mama mmoja anayeshona sare za shule. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe tulikwenda kwake kupanga. Alitukalisha katikati ya marobota ya vitambaa, Kidevu akaanza maswali yake: keki itakaa wapi, pete zitavishwa upande gani wa jua. Yule mama akamwacha amalize.

"Mimi nataka picha moja tu," akasema. "Mimi na kaka yangu. Nyingine pigeni mnavyojua wenyewe."

Akanieleza mimi, maana Kidevu alikuwa ameshainuka kukagua dirisha. Kaka yake ni mmoja tu, na walikuwa na miaka saba hawajasemeshana. Baba yao aliugua siku kumi na moja nyumbani kwa huyo kaka. Kutoka pale hadi kwa fundi ni saa nne za basi, lakini hakuna aliyempigia simu. Alikuja kuitwa kwenye maziko. Tangu siku hiyo yeye hakuuliza na kaka mtu hakueleza. Kadi ya harusi alimpelekea, naye akajibu atakuja, kwa kuwa ni mtu wa kutimiza wajibu. Atasimama robo saa karibu na njia ya kutokea, atampa mkono bwana harusi, ataondoka. Na safari hii akiondoka, akasema, hatamwona tena mpaka mmoja wao awe wa kuzikwa. Aliyasema hayo huku anakata uzi kwa meno. Mimi nikaandika: Mjomba, mrefu, kipara, koti la kijivu, maana alisema la sherehe analo hilo moja tu.

Basi, siku ikafika. Hoteli za ufukweni zinapendeza kwa wageni, lakini kwa mpiga picha ni mateso matupu. Vyumba ni baridi kama friji, nje joto na unyevu, ukitoka tu kioo cha kamera kinatoka jasho, na hairuhusiwi kufuta, unangoja dakika kumi kikauke chenyewe. Kidevu alisimama kwenye majani mafupi yanayoshuka hadi mchangani, kamera mkononi, anangoja. Wageni sitini wanamtazama, na yeye anawatazama kana kwamba wao ndio wamechelewa. Upepo unavuta shela. Msimamizi wa bustani naye ametangaza kwamba majani hayakanyagwi ila pale alipopaonyesha kwa kidole.

Ukumbi wa chini ulikuwa na semina ya mafundi wa lifti. Niliona tangazo mlangoni, nikapita zangu.

Ikikaribia saa kumi zipu ya gauni ikagoma, nikaitwa chumbani. Nikamwachia Kidevu orodha, nikamwambia mara mbili: mjomba akitokea tu, mshike, usimwache apumue. Akaitikia vizuri. Kuitikia hajambo.

Zipu ilitula dakika ishirini. Tulipotoka na bibi harusi, picha za ndugu zilikuwa zimeanza. Mama mtu amesimama katikati, na kushoto kwake jamaa mrefu, kipara, koti la kijivu, mikono mbele, kidevu chini, masikio nje. Nikasema alhamdulillahi, leo mume wangu amenitoa kimasomaso. Bibi harusi akafungua mdomo kutaka kusema kitu, mama yake akamminya mkono. Niliona kwa macho yangu nikadhani ni mambo ya kuzuia machozi.

Kidevu akapiga. Akapanga upya, akapiga. Na maharusi, bila maharusi, na mashangazi, wazee peke yao. Yule jamaa alikuwa mtiifu ajabu. Akiambiwa asogee, anasogea. Akaambiwa amshike dada yake bega, akamgusa kwa ncha za vidole kama anayepima pasi kama imeshika moto. Nikajisemea, miaka saba si mchezo.

Hapo ndipo nilipoona mtu anakuja kutoka upande wa magari. Mrefu. Kipara. Koti la kijivu. Alikuwa na ufunguo wa gari mkononi, na alikanyaga majani yasiyokanyagwa hadi akafika mbele ya mstari.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Jamaa wa kwanza akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa koti, akajieleza kwa adabu. Yeye ni fundi wa lifti. Waliambiwa saa kumi kuna picha ya pamoja bustanini, na alipokuja huyu bwana wa kamera akamshika mkono akamleta. Alishangaa kidogo kuona wanasemina wengi ni akina mama na wamependeza vile, lakini akafikiri fani imekua. Hakuna aliyecheka. Kidevu akamtazama huyu, akamtazama yule, akatazama orodha. Naapa hakuona tofauti.

"Hapo ni mahali pangu," akasema kaka mtu.

"Palikuwa wazi," akajibu dada yake. Hakugeuza hata kichwa.

Fundi wa lifti akataka kujitoa, mama akamshika mkono wa koti, akamwomba asubiri kidogo. Kisha ndiyo akamgeukia kaka yake. "Siku kumi na moja," akasema. "Mbona hukuniita?"

Kaka mtu akatazama ule ufunguo. Mimi nimejikaza kisabuni, begi limenikata bega na sithubutu kulitua.

"Nilidhani ataamka," akasema. "Kila asubuhi alikuwa anakunywa chai kidogo, nikawa nasema leo ana nafuu, nisimtie dada kiwewe. Siku ile ya mwisho nilikuwa nimeshaishika simu. Nabonyeza namba yako, wakaniita chumbani."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nikaona haya."

"Miaka saba?"

"Miaka saba, dada."

Mama akaachia mkono wa koti la fundi. Fundi akatoka kwenye mstari polepole, akainamisha kichwa kwa wote wawili, akaenda kutafuta semina yake. Kaka mtu akaingia pale alipokuwa. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sina haja ya kuficha. Kidevu akapiga picha arobaini, na katika zote arobaini hakuna hata moja ambayo ndugu wale wawili wameitazama kamera.

Mwezi uliofuata yule mama akaja kwetu kuchagua. Ya kaka yake akaitia kidole bila kufikiri. Kisha akaomba na ile ya fundi wa lifti, ile ya kushikwa bega, kwa ukubwa uleule, na fremu yake. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwuliza, mama, mtu si wako, ulimwona si wako, picha tisa zimepigwa umekaa kimya, mume wangu anaonekana hana akili, na sasa unataka ukamtundike ukutani?

Akaishika ile picha, akaitazama sana.

"Nilikuwa nikimwangalia huyu mtu," akasema. "Hanijui, simjui. Kaambiwa njoo usimame na huyu mama, kaja, kasimama. Nikawaza, kumbe ni jambo dogo hivi. Na simu hata mimi nilikuwa nayo, miaka yote saba."