Mgeni wa Tano kwenye Maporomoko ya Rusumo

Hili sikulisikia kwa mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua linawaka, nikiwa na akili zangu timamu wala sina hata homa. Wapo watu watano wanaoweza kukuambia nilikuwa wapi siku ile, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeona nilichokiona mimi.

Ilikuwa mwaka uliofuata baada ya wakimbizi kumiminika kutoka Rwanda kupitia daraja la Rusumo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ngara. Nikaacha chaki kwa muda, nikaenda kuwa mkalimani kambini, maana Kihangaza chetu na Kinyarwanda vinasikilizana, na Kiingereza nilikuwa nacho kidogo. Wafanyakazi wa misaada hawakuwa na kazi Jumapili, na binadamu hata akiwa katikati ya shida hupenda kutembezwa. Basi nikawa natembeza. Niliwapeleka Biharamulo kuona boma la Mjerumani, niliwapeleka Rusumo kuona maporomoko ya mto Kagera. Nilikuwa na maneno yangu ya kuwaambia: Wajerumani walivukia hapa, maji haya yanaingia Ziwa Viktoria na mwisho wake ni Misri. Mengine niliyajua. Mengine, Mungu anisamehe, nilitunga.

Halafu wageni wakaanza kuniuliza jambo jingine. Ni kweli kwamba mwaka jana mto huu ulileta maiti za waliouawa Rwanda? Ni kweli. Nani wa Ngara asiyejua? Tuliacha hata kula samaki. Wakauliza, zilipita wapi? Nikawaonyesha. Kuna mahali chini ya maporomoko ambapo maji huzunguka kwanza kabla ya kuendelea na safari, na kila kilicholetwa na mto hukaa pale kikizunguka. Mara ya kwanza nilionyesha kwa sababu niliulizwa. Mara ya tatu nilikuwa naonyesha bila kuulizwa. Niliona wanavyonyamaza, wanavyonitazama mdomoni, nikajiona mtu wa maana. Sikufichi, nakueleza kama ilivyokuwa.

Jumapili hiyo nilikuwa na wageni wanne na dereva wetu, kaka Gervas. Mmoja wa wageni alikuwa muuguzi, mama mtu mzima aitwaye Lucia, mzaliwa wa mji wa kale wa bandari kwenye bahari ya Mediterania. Njiani alinisimulia kwamba zamani, kabla ya uuguzi, naye alikuwa akitembeza watalii kwao: ngome, mnara wa taa, vichochoro vya mawe, soko la samaki.

"Palikuwa na makaburi ya mabaharia pia," akasema. "Pale tulikuwa tunaomba ruhusa kwanza."

"Kwa nani?"

"Kwao," akanijibu, na wala hakucheka.

Mimi nilicheka.

Tuliacha gari juu, Gervas akabaki nalo. Tukashika njia ya kuteremkia mtoni, mimi mbele, wao nyuma kwa mstari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mawe yalikuwa yanateleza, hivyo kila baada ya hatua chache niligeuka kuwahesabu. Wanne. Wanne. Tulipofika pale ambapo ngurumo ya maji inakufanya upaze sauti, nikageuka tena. Watano.

Wa mwisho alikuwa mwanamke Mwafrika, wa umri wa mama yangu, miguu mitupu, kitenge cha kahawia kimelowa hadi kiunoni. Nikadhani ni mkimbizi ametoka kuchota maji. Nikamsalimia kwa lugha yetu, nikamwambia, "Mama, hawa ni wageni wangu, nawatembeza."

"Najua, mwanangu," akasema. "Nimekuja nami unionyeshe."

Sasa sikiliza. Maji yalikuwa yananguruma, mimi na wageni tulikuwa tunapigiana kelele, lakini yule mama alisema polepole, kama mtu aliyeketi na wewe jikoni, na nilisikia kila neno. Hapo ndipo ningepaswa kukimbia, sivyo? Sikukimbia. Nilitazama wageni kama wamemwona. Mmoja alikuwa anapiga picha mto, mwingine anafunga kamba ya kiatu. Yule aliyekuwa karibu naye kabisa hakugeuza hata shingo.

Nikaendelea na kazi yangu. Nikasema ya Wajerumani, nikasema ya Misri. Tukafika mahali pa kuonyesha, nikainua mkono.

"Hapo ndipo walipokuwa wanazunguka," nikasema.

Yule mama alikuwa sasa amesimama ubavuni pangu. Baridi iliyotoka kwake niliisikia kwenye mfupa wa bega.

"Majina yao unayajua?" akaniuliza.

"Siyajui, mama."

"Basi unawaonyesha nini?"

Nikaushusha mkono.

"Watajie," akasema. "Silivesta, mume wangu. Fausitini. Imakulata. Mtoto wa Imakulata, hakuwa amebatizwa bado. Na mimi Domitila, ila kaka yangu aliniita Kanyoni."

Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukiyataja kwa sauti, jina baada ya jina, kama ninavyotafsiri kambini. Yule mama akaanza kuteremka, akanigeukia kidogo, na mimi nikamfuata. Niliona njia mbele yangu, pana, kavu, ya kupitika. Kwa nini nisimfuate?

Nilishtuka baada ya kuvutwa kitenge changu kwa nguvu, nikaanguka chali. Mama Lucia alikuwa amenishika kwa mikono yote miwili, anahema, goti lake linatoka damu. Hapakuwa na njia. Nilikuwa kwenye ncha ya mwamba, na kiatu changu kimoja kilikuwa kimeshachukuliwa na maji.

Gervas alituona toka juu akaja mbio. "Mwalimu, ulikuwa unazungumza na nani?" Niliomba kalamu, nikaandika yale majina kwenye kiganja kabla sijayasahau.

Niliyapeleka kambini, hakuna aliyeyajua. Nikayapeleka makanisani, parokia moja hadi nyingine, yakawa yanasomwa kwenye matangazo. Wiki ya tano nikaitwa Bugarama, kwa mzee mmoja mkulima wa Kinyarwanda, Mzee Karori, aliyekimbilia kwetu tangu vurugu za zamani za Rwanda, kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudia hilo jina la mwisho."

"Kanyoni."

Mkewe akatoka ndani, akasimama mlangoni na upawa mkononi.

"Mimi ndiye niliyempa," mzee akasema. "Maana yake kidege. Alikuwa mdogo wangu. Nilimwacha kwa bibi yetu kwa sababu alikuwa mdogo mno kutembea usiku, nikasema nitarudi kumchukua." Kisha akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Alikuwa na sura gani? Mimi nilimwacha hana meno ya mbele."

Nikamweleza. Uso mwembamba, paji pana, mvi kidogo juu ya masikio. Alikuwa akinisikiliza macho yamefumbwa, na kila nilipomaliza alisema, "Eleza tena." Nilieleza mpaka jua likazama. Jumapili iliyofuata walisomewa misa, wote watano, na yule mchanga mzee mwenyewe akamchagulia jina.

Mimi nilirudi kwenye chaki. Sikumtembeza mtu tena. Bega langu la kulia halijapata joto tangu siku ile. Hata nikikaa karibu na moto, upande mmoja unatoa jasho na upande mwingine una baridi. Daktari amelitazama, anasema ni zima.

Kwa hiyo wewe unayepita Rusumo, simama kama unataka, tazama maji, ni mazuri kweli. Ila mtu akijitolea kukuonyesha walipokuwa wamelala watu, muulize walikuwa akina nani. Akikosa hata jina moja, mshukuru, panda gari lako uondoke, na usikubali kuwa wa mwisho kwenye mstari.