Wadakaji Watatu

Mwatima alizaliwa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, mjukuu wa watu waliotoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Alipofika miaka thelathini na moja alikuwa Riyadh, kwenye mnara mmoja wa mtaa wa Olaya, akipanga takwimu za mauzo za kampuni ya vifaa vya hospitali. Kazi ile aliipata kwa mkono wa Usama, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa idara ya masoko. Na Usama hakuiacha siku ikapita bila ya kulikumbusha hilo.

Pale ofisini Mkenya mmoja wa idara ya kompyuta, jina lake Dancan, aliyesoma Marekani na kurudi na mapenzi ya besiboli, alianzisha ligi ya kubuni. Kila mtu huunda timu yake ya karatasi kwa wachezaji wa kweli wa Marekani, na wanachokifanya wale uwanjani ndicho kinachompa pointi. Wachezaji hununuliwa kwa mnada. Kila mmoja hupewa sarafu mia mbili na sitini za kwenye kompyuta, ambazo huwezi kununulia hata kikombe cha chai. Mwaka ule kilibaki kiti kimoja, akapewa Mwatima, ili watimie kumi.

"Halafu nimebadilisha rules," Dancan aliwaambia. "Kila timu lazima iwe na wadakaji watatu. Si mmoja. Watatu."

Watu walicheka. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na katika ligi za kawaida hununuliwa mwisho, kama chumvi ya kusahau dukani. Mwatima hakucheka. Timu kumi mara wadakaji watatu ni thelathini, na klabu za ligi kuu ya Marekani ni thelathini, kila moja na mdakaji wake mmoja wa kutegemewa. Wote watakwisha. Na wanaojua kupiga, miongoni mwao, hawazidi wanane.

Wiki tatu alikaa na takwimu za misimu mitatu. Hakutazama nani ana sifa, alitazama pengo baina ya kila mchezaji na yule wa mwisho wa nafasi yake, ambaye mzembe ataachiwa. Pengo ndilo alilolitilia bei. Ikatoka orodha ya majina mia mbili na zaidi, kila jina na kikomo chake cha bei, na wadakaji wanane wa juu wakawa na bei ambazo mtu mwingine angeziita wazimu.

Usama, naye alikuwemo ligini, akaja mezani kwake. "Hebu nionyeshe, Mwatima. Mie mchezo wenyewe siujui, nisije nikaaibika mbele ya watu."

Akamwonyesha. Akamweleza mpaka akafahamu. Mwishowe Usama akasema, "Nitumie basi, nitazame ulivyofanya."

"Ntakutumia, lakini usinunue kwa orodha yangu. Tengeneza yako."

"Wallahi, mie nikufanyie hivyo? Ndugu yangu wewe."

Mnada ulifanywa Alhamisi baada ya kazi, kwenye chumba cha mikutano. Zamu ya kwanza ya kutaja mchezaji wa kunadiwa ilimwangukia Usama. Akamtaja mdakaji bora kuliko wote, akampata kwa ishirini na nne. Watu wakaguna. Zamu ikazunguka, na mdakaji wa pili akaenda kwake pia. Bei zote mbili zilifanana na za orodha ya Mwatima, lakini akajiambia labda bahati tu.

Kisha mtu mwingine akamtaja mdakaji mmoja mkongwe aliyevunjika goti. Bei yake ya haki ilikuwa tisa. Mwatima alipoiandika orodha mara ya kwanza kidole kiliteleza, akaandika kumi na tisa, akaja kurekebisha kesho yake. Orodha aliyompelekea Usama ilikuwa ile ya mwanzo. Usama akapanda kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Mwatima, kwa kumjaribu, akasema, "Kumi na nane." Usama akasema, "Kumi na tisa," kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya.

Hasira ilimpanda Mwatima mpaka masikio yakawaka moto. Si sarafu zilizomuuma. Kilichomuuma ni kule kuapa. Kilichomuuma ni wiki tatu za macho yake, na yule mtu amekaa mbele yake na simu chini ya meza, akisoma namba zake kama amezitunga yeye.

Alibaki kitini. Ila tangu hapo, kila Usama alipotaka mchezaji, Mwatima alimpandisha mpaka sarafu moja chini ya kikomo, kisha akanyamaza. Vikomo alivijua kwa moyo. Usama alilipa bei kamili kila mara, huku wengine wakiokota kwa rahisi. Mara moja tu Usama alishtuka akanyamaza mapema, na Mwatima akabaki na mlinzi mmoja wa uwanjani kwa ishirini na saba, mtu asiyemtaka hata kidogo. Akameza. Mnada ulipofika nusu, Usama alikuwa na sarafu kumi na mbili na nafasi kumi na moja za kujaza.

"Bro, umemaliza pesa," Dancan alimwambia, na chumba kizima kikacheka.

Jioni ile walikuwa na safari pamoja kwenda Jeddah, kesho yake kulikuwa na posa ya jamaa yao mmoja nyumbani. Ndani ya teksi ya uwanja wa ndege Usama alisema, "Umenifanya mjinga mbele ya watu."

"Nilikufanya mimi au orodha yangu?"

"Mchezo tu ule, Mwatima."

"Kama mchezo tu, uliapia nini?"

Usama akageukia dirisha la teksi.

Kesho yake Bani Malik, mbele ya sinia la pilau, Usama aliisimulia habari ile kwa mzaha: jinsi alivyomsomesha Mwatima besiboli, na Mwatima akamgeuka. Watu wakacheka. Mwatima akaweka tonge chini.

"Hukunisomesha kitu. Uliomba kazi yangu, ukaapa, ukaitumia. Na kazi ya ofisini ulinitafutia kweli, nakushukuru, lakini sitakuwa nikishukuru kila siku mpaka kufa."

Mama yake, Bi Wafaa, akasema taratibu, "Mwanangu, huyu ndugu yako. Yamalize."

"Aombe radhi yeye, mama, yataisha."

Mama Usama, Bi Huda, alimtazama mwanawe. "Kweli uliapa?" Usama aliinama, akachezea punje za wali. Bi Huda akasogeza sinia mbali naye, akaingia jikoni.

Mwatima alirudi Riyadh peke yake. Msimu ulipokwisha mwezi wa tisa alishika nafasi ya tatu, yule mlinzi wa ishirini na saba akiwa amemgharimu pakubwa. Usama alikuwa wa mwisho. Siku matokeo yalipotoka alimwandikia ujumbe: Nisamehe, nilikukosea. Mwatima aliusoma mara mbili. Hasira bado ilikuwepo. Akaandika, Nimeusoma, akaiweka simu na kurudi kwenye takwimu za mauzo.