Mafuta ya Mbarika Kwenye Nasari ya Miti

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo, na miaka niliyokulia haikunirekebisha. Tulipopata uhuru nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kukumbuka jinsi watu wa kijiji kimoja walivyotazamana wakati wa hali ya hatari, kila mtu akijiuliza jirani amesema nini na kwa nani. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, lakini yale macho hayakubadilika upesi. Nilikwenda nayo kwenye ndoa, nikaenda nayo kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye nasari ya miti, juu ya Nyeri, mahali msitu unapoanza. Tulikuwa wanawake kama ishirini. Tulijaza udongo kwenye mifuko, tukapandikiza miche ya misonobari na mikangazi, tukang'oa magugu, tukanyunyiza maji. Asubuhi upepo wa mlimani ulitukata nyuso kama wembe, na saa sita jua lilichoma palepale upepo ulipokata. Mwezi wa saba midomo yangu ilipasuka hadi nikashindwa kunywa chai ya moto. Mashavu yalibanduka magamba meupe. Wengine walipaka mafuta ya kondoo, wakanuka mchana kutwa. Mimi nilipaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, ambayo yalifunika ngozi bila kuiponya, na vumbi likashikamana nayo.

Katikati ya baridi hiyo aliletwa mwanamke mgeni. Alitoka Majengo, mtaa wa Waislamu mjini Nyeri, akija kwa miguu kila asubuhi akiwa amejifunga leso kichwani. Alikuwa amepita arobaini, mjane, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu. Sisi tulimwita Mswahili, hata alipokuwa akisikia. Alifanya kazi kama sisi, juani na upeponi, na uso wake ukabaki mzima. Wiki ya kwanza tukasema ni kwa sababu upepo haujampata. Wiki ya nne tukasema kuna jambo.

"Huyo anajichubua," alisema mwenzangu, yule tuliyefanya naye kazi kwenye tuta moja. Alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote pale, na wakati huo alikuwa mjamzito. "Ama nyapara anampea kazi ya kivulini."

Nilihesabu siku za kivuli. Hazikuzidi zetu. Basi nikaanza kumtazama wakati wa chai, nikaona kwamba kabla ya kula alitupa mgongo, akatoa chupa ndogo kwenye kifua cha nguo yake, akajipaka kitu usoni na mikononi. Mtu anayejipaka kitu kizuri, nilijiuliza, anageuka kwa nini?

Siku moja tulijikuta wawili kwenye bomba la maji, nikamuuliza.

"Ni mafuta ya mbarika," alisema.

Sikumwamini. Mbarika tuliujua, ulimea wenyewe nyuma ya kila zizi. Mafuta yake yalikuwa ya wazee wetu, ya kulainishia ngozi za kuvaa na kupaka watoto wachanga, nayo yalinuka hata ukiwa mbali. Sisi wa kanisani tuliyaacha pamoja na mambo mengine. Ya huyu mama hayakunuka. Yalikuwa na harufu tamu kidogo, kama mbao iliyorandwa sasa hivi.

"Mbarika gani hiyo ya kunukia?" nikamuuliza.

"Njoo Jumamosi uone mwenyewe, mwanangu. Uje na mbegu. Kwetu Majengo hakuna pa kupanda hata sukuma."

Nilikwenda, ingawa sikumwambia mume wangu ninakokwenda. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nyumba ilikuwa chumba kimoja safi, na jiko la makaa uani. Alizikaanga mbegu kidogo tu, mpaka maganda yakaanza kupasuka, akayamenya, akazitwanga kwenye kinu zikawa uji mzito wa kijivu. Alinionya nisiziache mbegu mbichi karibu na mtoto wangu, kwa kuwa zinaua. Nikawaza: anajua zinaua.

Akautia uji ule kwenye sufuria ya maji, ukachemka kwa muda mrefu, mafuta yakapanda juu. Aliyaengua kwa kijiko, akayachuja kwa kitambaa, akayarudisha motoni mpaka yakaacha kulia, maana yake maji yote yamekwisha. Ndipo akakata kipande cha nta ya nyuki, kama kidole gumba, ambacho aliletewa kutoka Sagana na watu wanaouza huko asali ya nchi kame. Nta ikayeyuka ndani ya mafuta. Alidondosha tone kwenye kisahani baridi, akalibonyeza kwa kidole.

"Likiganda kama siagi, limekubali. Likiwa maji, ongeza nta."

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika. Lakini alipoitoa sufuria motoni, akikoroga, alivuta kikaratasi kilichokunjwa kutoka chini ya mto wa kitanda, akachukua unga wa kahawia kwa ncha za vidole, akaunyunyiza ndani.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Ya harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya harufu tu, mwanangu." Akakikunja kile kikaratasi, akakirudisha chini ya mto.

Alinipa chupa iliyojaa. Nilimshukuru. Njia nzima mpaka kwetu Gatitu niliibeba mbali na mwili wangu, mkononi, kama mtu aliyebeba yai viza.

Mama mkwe wangu alinikuta nikiificha. Aliinusa kwa tundu moja la pua, kisha kwa la pili. Nikamweleza yote, pamoja na kile kikaratasi.

"Usipake uso," alisema. "Nipe mimi. Nitapaka kisigino. Mimi nishakuwa mzee, kisigino kikioza si hasara."

Alipaka kisigino kimoja tu, cha kushoto, ili aweze kulinganisha. Siku tatu alikaa nje baada ya kunywa uji, ameweka miguu juani, anaitazama. Siku ya nne kisigino cha kushoto kilikuwa laini kama cha mtoto, na cha kulia kilikuwa na nyufa zake za zamani.

"Unaonaje, mama?" nikamuuliza.

"Bado siamini," akasema, akapaka na cha kulia.

Nami nikaanza kujipaka. Baada ya wiki mbili midomo ilifunga. Magamba ya mashavuni yaliondoka, na upepo wa asubuhi ukawa baridi tu, si kisu tena. Rafiki yangu wa tuta aliona kabla sijasema. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Na wewe umeanza," alisema. Nikamwambia ukweli, nikampa mafuta kidogo kwenye kikopo kitupu.

Siku kadhaa zikapita. Halafu Jumatatu moja alikuja amejifunika uso kwa kitambaa. Alipokifungua, wanawake waliokuwa karibu walirudi nyuma. Mashavu yake yalikuwa mekundu, yamevimba, na ngozi ilikuwa ikitoka vipande kuzunguka macho.

"Ni ile mafuta," alisema, bila kunitazama.

Habari ilifika mwisho wa nasari kabla sijanyanyuka. Nyapara alituita sote kwenye kibanda cha kuhifadhia vifaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, kofia yake ameishika mkononi.

"Nani alikupatia hiyo mafuta?" alimuuliza mwenzangu.

Akanionyesha mimi. Nikasema niliyapata kwa yule mama wa Majengo. Yeye alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango, mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Wewe uliona vile alitengeneza?" nyapara aliniuliza.

"Niliona."

"Iko na nini ndani?"

Ningeweza kusema mbarika na nta. Ningeweza kusema kwamba mimi mwenyewe ninajipaka, tazameni uso wangu. Lakini wanawake ishirini walikuwa wakinitazama, na hofu iliyokuwa imenikalia tangu siku ile ya chumbani ikapanda ikatoka. "Mbarika na nta," nilisema. "Na unga fulani wa kwa karatasi. Nilimuuliza ni nini, akakataa kuniambia."

Kulikuwa na mguno. Yule mama alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Ni liwa," alisema. "Ni mti unaosagwa. Mama yangu alitoka Lamu, na huko wanawake hupaka usoni tangu bibi za bibi zao. Ninaletewa kidogo sana, ndiyo maana ninalificha. Na sikumwambia kwa sababu nilijua mtaliita jambo jingine."

Hakuna aliyekuwa amesikia liwa. Mtu nyuma yangu alirudia neno lile polepole, kama anayelionja kama lina sumu. Mwingine akasema, "Ati kutoka Lamu," na hiyo ikatosha. Nyapara alimwambia yule mama akae nyumbani mpaka maneno yaishe. Alinawa mikono kwenye bomba, akachukua leso yake na chakula chake ambacho hakuwa amekila, akaondoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini uso wangu ulikuwa mzima. Mimi mwenyewe nilijiambia kwamba damu za watu hazifanani, na nikaimwaga ile chupa nyuma ya choo.

Kama mwezi hivi baadaye rafiki yangu alijifungua, nami nikaenda kwake na wengine kumsaidia kazi za nyumba. Nilipanda kwenye rafu kutafuta chumvi. Nyuma ya kopo la chumvi nikakuta mkebe wa krimu ya dukani, ile ya kung'arisha ngozi, iliyotumika zaidi ya nusu. Nilishuka nao, nikasubiri wengine watoke kuchota maji.

"Hii ni nini?"

Alimvuta mtoto karibu na kifua. "Nilichanganya," alisema. "Ile yako ilikuwa inaponya, lakini haing'arishi. Mzee wangu yuko Nairobi tangu Krismasi. Unajua wanawake wa huko vile wanakaa."

"Na ulijua ni hii imekuchoma?"

"Nilijua siku hiyo hiyo."

"Ukanyamaza."

"Wewe ndiwe ulisema mambo ya karatasi," alisema. "Mimi sikusema karatasi."

Ilikuwa kweli. Nilimwambia kwamba asipokwenda kwa nyapara mwenyewe, nitakwenda na ule mkebe. Akaenda alipopata nguvu, nami nikiwa pembeni yake. Nyapara alisikiliza akiwa amesimama, akasema ni vizuri tumesema, lakini nafasi ile ilikwisha kuchukuliwa. Ilichukuliwa na mtoto wa dada yake. Nilitambua hilo siku ileile, na nikaanza kujiuliza kama kweli yeye aliwahi kuogopa unga wowote.

Jumapili baada ya kanisa nilishuka Majengo na chupa ya maziwa ya ng'ombe wetu na viazi. Yule mama alifungua mlango nusu.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Nimejituma, mama."

Nikamweleza pale pale mlangoni, nimesimama, mambo ya krimu, ya rafiki yangu, na yale niliyosema mimi kibandani ambayo sikuwa na haja ya kuyasema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kikombe, akamimina maziwa niliyoleta, akaninyooshea.

"Kunywa wewe kwanza."

Nilikunywa. Yalikuwa ya asubuhi ile, matamu, na sijawahi kunywa kitu kigumu kama yale. Alitazama koo langu likishuka. Ndipo akapokea chupa na viazi, akaviweka ndani.

"Sikuchukii, mwanangu," alisema. "Lakini ukija tena, njoo mchana, na watu wakikuona."

Nilirudi mara mbili tatu. Alikuwa amepata kazi ya kushona mito na mashuka kwa mtu mmoja mtaani, nayo ilikuwa ya ndani, bila jua wala upepo. Tulizungumza uani, majirani wakipita. Hakunikaribisha chumbani. Mafuta sikumwomba, naye hakunipa. Nilijitengenezea nyumbani, kwa mbarika na nta tu, na mama mkwe wangu akawa ndiye anayekoroga, kwa sababu alisema mkono wangu una haraka. Nilipowapelekea wenzangu wa nasari, walishukuru wakayaweka mfukoni. Kwa muda mrefu sikuona hata mmoja akijipaka mbele yangu. Uso wa rafiki yangu ulipona, ikabaki alama nyeusi karibu na sikio ambayo aliifunika kwa kitambaa. Tuliendelea kufanya kazi kwenye tuta moja. Tulikuwa tukizungumza sana zamani. Sasa tulihesabu miche.

Mwaka wa pili nyapara alihamishwa, akaja mwingine, kijana aliyesoma. Aliangalia daftari la wafanyakazi, akaona jina lililokatwa bila sababu kuandikwa, akauliza. Nilikuwa karibu, nikamwambia sababu, yote, na sehemu yangu sikuiruka. Wiki iliyofuata yule mama alirudi.

Hakukaa nasi wakati wa chai. Alikaa kwenye gogo upande wa pili wa bomba, akila taratibu, uso wake umegeukia mlima. Hiyo iliendelea kwa msimu mzima. Siku moja ya masika malori yalikuja kuchukua miche, kila mtu akakimbia huku na huko, naye alikuwa akijaribu kuburuta gunia la udongo lililolowa. Alisimama, akashika kiuno, akatazama kushoto na kulia. Aliyekuwa karibu ni mimi.

"Shika huko," alisema.

Nikashika. Tukalibeba mpaka kibandani, yeye akitembea kinyumenyume na mimi nikimwambia penye tope. Tukaliweka chini, tukarudi kuchukua lingine.