Ng'ombe Thelathini Melini

Nakumbuka siku moja ya kuchuma pamba, mwanangu, nilirudi nyumbani kule Ipililo nikamkuta babu yangu anavuta sura ya mwisho ya kitabu nilichotumiwa. Nasema anavuta, usifikiri nimekosea. Tumbaku alikuwa nayo, karatasi ya kusokotea hakuwa nayo, na kitabu kilikuwa kimelala kitandani bila mtetezi.

"Babu, hicho kitabu ni cha Hamisi," nilimwambia, karibu nilie.

"Hamisi yupi? Kijiji hiki hakina Hamisi."

Alisema kweli. Hamisi alikuwa Newala, kusini kabisa, na sikuwahi kumwona. Tulipata anwani gazetini, kwenye ule ukurasa wa wanaotafuta marafiki, na kilichotuunganisha ni kupenda vitabu. Tulikuwa na mchezo wetu: mwenye kitabu husoma chote ila sura ya mwisho, hukituma kwa posta, na mwenzake humsimulia mwisho kwa barua. Ilikuwa kazi ya kuaminiana. Sasa mwisho wenyewe ulikuwa umetokea puani mwa babu.

Ningesema ukweli, yangeisha. Lakini niliogopa Hamisi ataniona mtu wa hovyo, aache kuniandikia, na pale kijijini sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye vitabu. Nikatunga. Kilikuwa kitabu cha baharia na binti aliyempenda, mambo yote yako ndani ya meli. Bahari sijaiona hadi leo. Ila kuoza binti najua, mimi ni Msukuma: nikapandisha ng'ombe thelathini melini, nikalipa mahari, nikafunga harusi, nikabandika stempu.

Jibu lilichelewa, na lilipofika lilikuwa fupi. Hamisi alikuwa amesimama mbele ya darasa akasimulia mwisho wangu, kumbe mwalimu wao anacho kitabu hicho hicho. Mwalimu alimwuliza ng'ombe walikula nini huko baharini, na tangu hapo shule nzima ikawa inamwita Mchunga Meli. "Ndugu yangu, kwa nini?" aliandika. Hata habari za nyumbani hakuuliza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu, mwanangu, ilifika Newala. Nilikosa hamu hata ya michembe, viazi vyetu vya kukausha, na babu akaliona hilo. Nikamweleza.

"Kosa la kwanza langu, nimechoma karatasi," akasema. "La pili lako, umechoma mtu. Mwandikie. Mficha uchi hazai. Na jina langu uliweke humo, nisikie ukilisoma."

Niliandika yote, na jina lake nikamsomea mara mbili. Nikasubiri mpaka pamba ikaisha kuuzwa, nikakata tamaa. Ndipo ikaja bahasha nene. Ndani mlikuwa na kurasa kumi na moja: Hamisi alikuwa ameazima kitabu cha mwalimu, akanakili sura ya mwisho yote kwa mkono wake. Chini kabisa aliandika: "Nimetafuta, ng'ombe hamna. Hili gazeti ni la babu." Na kweli gazeti zima lilikuwa limekunjwa humo. Babu alilipokea kwa mikono miwili. Mimi nililia, wala sikuona aibu.

Sasa ninyi vijana wa hapa Somanda mna simu, mnapata rafiki wa mbali kabla chai haijapoa. Sawa, mpateni. Ila rafiki ambaye hajawahi kukuona ana kitu chako kimoja tu mkononi, nacho ni neno lako. Usimpe neno bovu ukitegemea umbali utalificha. Ukiharibu, sema mapema kwamba umeharibu, maana mwenye moyo atakusamehe karatasi, na aibu yake ni ya siku moja. Yangu ilichukua msimu mzima wa pamba.

Hamisi hunipigia simu mpaka leo, na kabla hajaniuliza afya huuliza kama ng'ombe wangu wameshashuka melini. Mungu akujalie rafiki wa namna hiyo, mwanangu, na akujalie babu mwenye karatasi zake mwenyewe.